Ndala, kandambili, malapa, sapatu: ni kitu kimoja au tunachanganya madesa?

MtuWaIlala (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni na poleni kwa majukumu.

Naomba tuweke sawa hili suala la ndala, maana kila mtu humu anaita anavyojua yeye, matokeo yake unamtuma kijana ndala anakurudia na kobazi, na chenji hana.

Kwetu Ilala mpangilio ulikuwa hivi. Ndala ni ile ya mpira, soli bapa, mikanda miwili inayokutana kati ya kidole gumba na cha pili. Ya kuogea, ya kwendea gengeni, ya kukaa nayo kibarazani. Kandambili ni ndala hiyo hiyo, ila ukitamka kandambili umeshamsema mtu: kiatu kimelika kisigino upande mmoja, au mwenyewe hana kingine. Malapa ni ndala zikizidi mguu, zinampiga mtu nyayo kila hatua hadi mtaa mzima unajua fulani anakwenda chooni. Sendo ni jambo jingine kabisa. Sendo ina urembo, ina kisigino wakati mwingine, mdada anaingia nayo harusini na hakuna anayemgeuzia shingo. Kobazi ni ya ngozi, inakwenda na kanzu.

Ninachodai ni hiki: majina haya hayatofautishi viatu, yanatofautisha wavaaji. Tajiri wa Masaki akitoka getini na mpira wake mguuni, mtasema kavaa ndala za kupumzikia. Muuza maji akivaa ule ule, kandambili. Mwenye hoja tofauti aje.

ChumaUlete

Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

FundiSoli

Mleta mada, nakukatalia mapema. Mimi ni fundi viatu, na ndala kwangu ni suala la ufundi, mambo ya Masaki na Manzese hayamo. Kiatu kikiwa na mkanda unaotoboa soli sehemu tatu, moja mbele na mbili ubavuni, hiyo ni ndala, avae waziri avae kuli. Kikiwa na mkanda mmoja mpana unaopita juu ya mguu, unachomeka tu na kutembea, mimi siiti ndala hata ungenilipa. Na kandambili jina lenyewe limeshahesabu: kanda mbili. Wapi hapo pameandikwa umaskini?

Ila nikiri kuna kitu kimoja sina jina lake. Ile sehemu ya mbele inayokaa katikati ya vidole, inayoshuka hadi chini ya soli na kuishia kwenye kitufe. Hiyo ndiyo inayokatika kila siku, na wateja wangu wote wanasema “kile kidude”. Nani anajua jina lake?

KochaMstaafu

Fundi, unauliza umaskini umeandikwa wapi? Umeandikwa Jangwani, makao ya klabu ya Yanga.

Vijana wa sasa wanasikia mashabiki wa Simba wakiwaita Yanga “Kandambili” wanadhani ni utani wa juzi wa mitandaoni. Si wa juzi. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka makundi mawili. Moja likaitwa Yanga Kandambili, jingine Yanga Raizoni. Raizoni, kwa msiojua, ni vile viatu vya soli nene na kisigino kirefu vilivyokuwa vikivaliwa na suruali za bugaluu. Kijana ukipita na raizoni zako na afro umeichana, wewe ndiye mjanja wa mji. Kwa hiyo wale walioonekana wasomi, watu wa kisasa, wakabandikwa raizoni, na wale wa mtaani, wazee na makuli wenye klabu yao, wakabandikwa kandambili.

Huo mgogoro ndio uliozaa klabu ya Pan African. Raizoni wakaondoka, Kandambili wakabaki na jengo na jina. Pan hao hao wakaja kuchukua ubingwa wa nchi mwaka 1982, msione siku hizi wametulia.

Kwa hiyo Fundi, hoja ya mleta mada inasimama. Hakuna mtu aliyekuwa akihesabu mikanda pale. Walikuwa wanasema nani ana hela na nani hana.

Mnyama_Damu

Hahaha kumbe historia ipo! Kuanzia leo nikimwita mtu kandambili natoa na mwaka.

KochaMstaafu

Toa tu. Lakini kumbuka kandambili ndio walioibakiza timu. Jina la dharau ukilivaa muda mrefu linazoea mguu. Na msisahau baadaye mkawaita Yeboyebo, na yeboyebo nayo ni kiatu, vile vya plastiki vyenye matundu matundu. Sijui nyie watani wetu mna nini na miguu ya watu.

DadaWaSaluni

Samahani mzee wangu, yeboyebo ni mtindo wa nywele. Mimi nimesuka yeboyebo vichwa visivyo na idadi.

KochaMstaafu

Ni nywele, ni kiatu, ni mimi mwenyewe. Vyote ni sahihi binti yangu.

BintiMvita

Assalam aleikum wa bara. Nyote mwabishana na hamjafika pwani.

Huku Mombasa hatuna hiyo ndala yenu. Twaita champali, na neno latoka kwa Wahindi, wao wasema chappal. Sapatu pia yatumika, hiyo ni ya Mreno, sapato. Waliondoka Fort Jesus, kiatu kikabaki. Mtoto akiingia msalani peku, mamake amgombeza: “Vaa champali!” Akikaidi, champali hiyo hiyo yamfuata.

Hayo makubadhi mnayoyaita kobazi, tafadhali msiyaweke kapu moja na mpira. Makubadhi ni ngozi, yashonwa kwa mkono, Lamu kuna mafundi wake mpaka leo. Mwanamume akivaa kanzu yake ya Idi, kofia ya kito, halafu chini atie makubadhi, huyo ametimia. Atie champali ya mpira uone wazee watakavyomtazama kuanzia chini.

Na Fundi, kidude chako kina jina. Zamani kabla ya mpira, watu wakivaa mtalawanda, kiatu cha mti kitupu. Kipande cha ubao kimechongwa, mbele kimesimamishwa kijiti chenye kichwa, wakishika kwa vidole viwili. Kijiti hicho chaitwa msuruaki. Champali haina mti, lakini kazi ni ile ile, mahali ni pale pale.

FundiSoli

Msuruaki! Dada Mvita, Mungu akuweke. Miaka yote hii nasema kidude.

Sasa niwape darasa kidogo, maana msuruaki ndio ugonjwa wa ndala zote. Ukikatikia juu, kwenye maungio ya mikanda, hiyo haina dawa, nunua mkanda mpya au badili ndala. Ukikatikia chini, pale kwenye kitufe, inapona. Wengi wanachukua pini wanachoma msuruaki chini ya soli, inashika. Lakini pini inakwaruza sakafu, na ikifunguka inakuchoma. Mimi natumia kizibo cha soda: natoboa katikati, napitisha msuruaki, kisha msumari mdogo unapita pembeni ya mpira kuuzuia usirudi juu. Kizibo kinakaa bapa chini ya soli, kinagusa ardhi badala ya mpira. Kitalia kila hatua “cha, cha, cha” ukipita kwenye vigae, ila hutarudi kwangu mapema. Waya pia unafaa. Zamani watu walikuwa wanafunga fundo la mfuko wa rambo, sasa rambo ilipigwa marufuku 2019, hata hiyo tiba imekufa.

MtotoWaNai

Niaje wadau. Naingilia kutoka Nairobi. Sisi ni slipas ama patipati. Wengine husema patapata, na Bata wenyewe wana slipa wanaziita Patapata, kiwanda chao kiko Limuru. Mimi huamini jina ni sauti tu, ukitembea nazo unasikia pati pati pati.

Ile ya tairi ni akala. Nyinyi huko mnaiita nini?

Halafu kuna kitu ilinichanganya nikija Dar. Kwa Sheng, ndula ni kiatu. Yaani kiatu kali, ndula safi. Nikaambiwa na jamaa fulani “leo umevaa ndala”, nikashukuru, nikamwambia ni mpya. Jamaa akabaki ananiangalia tu.

MtuWaIlala

Mkuu hapo ulitukanwa na ukashukuru, hiyo ndiyo tabia njema.

Ya tairi huku ni katambuga. Wenyewe Wamasai wanazikata kwenye tairi chakavu, na ukiinunua inakuzika. Hiyo huwezi kuisema vibaya, maana ukiwa na katambuga kwenye miba na mwenzio ana kiatu cha dukani, yeye ndiye atakayeomba kubadilishana.

MsafiriBuja

Waungwana, hapa Bujumbura tunasema kambambili. Hata Rwanda wanasema hivyo. Nimekaa nasoma uzi huu ndipo nikaelewa kwamba ni hiyo kandambili yenu imekuja kwetu ikapoteza n na d njiani. Kwetu haina maana ya Yanga wala ya maskini. Ni kiatu cha nyumbani basi. Ila kuvaa kambambili kwenda ofisini, hapana, utarudishwa mlangoni.

MtuWaIlala

Umeona Fundi? Kandambili imevuka mpaka ikaacha dharau yake upande huu. Kama dharau ingekuwa kwenye mikanda ingevuka nayo.

FundiSoli

Na mikanda miwili imevuka nayo. Sasa nani kashinda?

Mwana_Unyanyembe

Mmewasahau watu. Mimi nimezaliwa Ndala. Ndala, wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora. Ina hospitali, ina chuo cha ualimu, ina misheni ya siku nyingi. Sasa fikirieni unajaza fomu Dar, karani anakuuliza umesoma wapi, unajibu “Chuo cha Ualimu Ndala.” Ofisi nzima inasimama kukutazama miguuni.

Kuna mwenzangu alikuwa akisema “Ndala Tabora” haraka haraka ili Tabora iwahi kufika kabla kicheko hakijaanza.

ChumaUlete

Nimecheka hadi nimemwamsha mtoto.

MwalimuWaZamu

Niongeze la mabwenini, maana nimekuwa mwalimu wa zamu shule za bweni kwa muda mrefu. Kule ndala ni mali ya serikali za mitaa. Unaiacha nje ya bafu, ukitoka hakuna. Ndiyo maana wanafunzi wanachoma herufi za majina yao kwenye soli kwa msumari wa moto, wengine wanakata pembe ya kisigino iwe alama. Wajanja zaidi wanavaa rangi mbili makusudi, ya kushoto bluu na ya kulia nyekundu, kwa sababu mwizi anataka jozi. Asubuhi ya foleni ya uji unakuta watoto mia wana miguu ya bendera.

Na nje ya darasa ndala inafanya kazi ambazo haikuumbiwa. Mbili zinawekwa chini, ni goli la chandimu. Kipa hana glovu, anaingiza mikono kwenye mikanda, soli inatazama mpira. Nimeona mtoto akipangua penalti kwa ndala ya mamake na mamake yuko jirani anaitafuta.

Abuu_Mikoroshoni

Naomba niseme jambo ambalo mnalipita juu juu. Hapo mwanzo mleta mada kasema kobazi inakwenda na kanzu. Sawa. Lakini humu mitandaoni kobazi imeshageuzwa tusi. Mtu akitaka kuwakejeli Waislamu anasema “wavaa kobazi”, “akili za kobazi”. Dada wa Mombasa ameeleza makubadhi kama vazi la heshima, huku bara neno lile lile linatumika kumwambia mtu hana elimu. Hivi mtu anayevaa viatu vya ngozi vilivyoshonwa kwa mkono na anayevaa raba za mtumba, nani kapendeza zaidi?

MtuWaIlala

Sheikh, umesema kweli, na mimi hilo nimeliona sana. Sipendi. Kandambili ya Yanga na Simba ni utani, watani wanarudishiana na jioni wanakunywa kahawa pamoja. Hilo la kobazi halina utani ndani yake, anayelisema hategemei kujibiwa. Na kuna wengine wanaolipeleka neno ndala kwenye maumbile ya akina mama waliozaa na kunyonyesha. Hilo sitalifungua hapa, na atakayelifungua nitaomba uongozi wa jukwaa umfungie yeye.

Kwa hiyo nirekebishe kidogo hoja yangu, Fundi usishangilie. Jina la kiatu linabeba anayelitamka kuliko hata anayekivaa.

MsomaSana

Kwa faida ya uzi: hizi ndala za mpira tunazozijua zina ukoo na zori za Wajapani, ambazo zilisukwa kwa majani ya mpunga. Havaianas wa Brazil walipoanza mwaka 1962 waliiga zori, na kwenye soli wakatia vinundu vidogo vidogo mfano wa punje za mchele. Mwenye nazo ageuze aangalie sehemu ya kukanyagia.

ChumaUlete

Nimegeuza yangu. Ina picha ya mnazi na maandishi ya Kichina.

BintiMvita

Kugeuza geuza huko ndiko sikutaki mie. Kwetu champali haiachwi imelala kifudifudi, soli yatazama juu. Mtu mzima akipita akaiona, hata si nyumba yake, ataipindua kwa kidole cha mguu na kuendelea na safari yake. Kumwelekezea Mola uchafu wa nyayo ni utovu wa adabu.

MvuviWaPwani

Hata sisi wa Bagamoyo tulilelewa hivyo, ndala isikae imegeuka.

Lakini mimi naijua ndala ikiwa imekufa. Ikitupwa na mto haizami, inakwenda na maji hadi baharini, bahari inairudisha ufukweni. Kusi likivuma unakuta mstari mzima wa ndala pamoja na mwani, na karibu zote za mguu mmoja mmoja, utadhani kuna watu wanatembea huko chini na wanavua kiatu kimoja. Wavuvi hatuziachi. Unachukua kisu, unakata vipande vya mraba au duara, unatoboa katikati, unapitisha kamba ya juu ya jarife. Hicho ni chelezo tayari. Mpira wa ndala nzuri unakaa misimu kadhaa, ila ile nyepesi ya sifongo inakunywa maji na wavu unalala.

Na Lamu wamefanya kubwa zaidi. Wamejenga chombo kizima kwa plastiki iliyookotwa, urefu kama mita 9, na ubavuni wakakivika ndala chakavu kama 30,000. Wanakiita Flipflopi. Mwanzoni mwa 2019 kilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi, wakipita vijiji vya pwani wakieleza watu habari za taka baharini. Mafundi wake ni mafundi wa majahazi wa kawaida, walichofanya ni kuchonga plastiki kama wanavyochonga mbao. Rangi zake si za kitoto: bluu, njano, nyekundu, kijani, zote ni ndala za watu.

Mnyama_Damu

Kwa hiyo kuna jahazi zima la Kandambili? Kocha, hongereni kwa kununua usafiri.

KochaMstaafu

Na halizami. Endeleeni.

FundiSoli

Mvuvi umenigusa kwenye biashara. Hizo za mguu mmoja mmoja usizikate zote. Mimi kibandani nina gunia la ndala zisizo na wenzake. Kuna mtu kaibiwa moja msikitini, kuna mtu mbwa kala moja, kuna mtu kavuka mtaro na moja ikabaki na matope. Wote wanakuja kwangu. Namtafutia namba yake, kama soli ni nzima na msuruaki umekaa, tunaelewana bei ndogo. Rangi haifanani, lakini kama alivyosema mwalimu, ndiyo usalama wenyewe.

MtotoWaNai

Fundi, uko serious? Mimi iko hapa slipa moja ya kushoto, ya kulia ilibaki kwa gari Namanga.

FundiSoli

Nambie namba.

MtotoWaNai

Tisa. Blue.

FundiSoli

Tisa za kulia ninazo mbili. Moja ya kijani, moja nyeupe lakini ina kizibo. Chagua.